Ng'ambo ya Kisiwa: Asili ya Mgawanyiko wa Siasa Likoni, Kisauni na Changamwe

Mtu asemapo "Mombasa", wasikilizaji wengi hufikiri juu ya kisiwa: Ngome ya Yesu, Mji wa Kale, na bandari ya Kilindini. Lakini hesabu ya watu iliyofanywa mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika watu 1,208,333 wa Kaunti ya Mombasa, waliokaa kisiwani, yaani Mvita, walikuwa 154,171 tu. Wengine wote, zaidi ya milioni moja, walikuwa wakikaa ng'ambo ya maji: Likoni upande wa kusini, Kisauni na Nyali upande wa kaskazini, Changamwe na Jomvu upande wa magharibi. Kwa hiyo atakaye kujua hali ya mioyo ya watu wa Mombasa katika mambo ya siasa na avuke kwanza.

Yafaa kueleza neno moja kabla ya kuendelea, maana limeleta ugomvi zaidi ya maneno mengi makubwa. Neno hilo ni "bara". Kwa mwenye ramani, Likoni iko bara, kwa kuwa si kisiwa. Lakini mtu wa Likoni asemapo "watu wa bara", hajitaji mwenyewe wala jirani zake Wadigo; amtaja Mkikuyu, Mluo, Mluhya au Mkamba, aliyeshuka kutoka juu kwa ajili ya kazi, hata kama mtu huyo alizaliwa Mtongwe na watoto wake hawajapata kuiona nchi nyingine. Hivyo yuko mtu aliyekaa miaka hamsini mahali pamoja, akilipa kodi na kuzika wafu wake hapo, na bado anaitwa wa kuja. Na yuko mwingine aliyezaliwa hapo, na babu zake walizaliwa hapo, wala hana karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba udongo aukanyagao ni wake. Hao wawili ni majirani. Kila mmoja ana hofu yake, na kila ufikapo wakati wa kupiga kura hofu hizo mbili hukutana.

Ili kuelewa jambo hili hapana budi kurudi nyuma katika habari za ardhi. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kwamba ukanda wa pwani, wenye upana wa maili kumi kutoka baharini, ni milki ya Sultani wa Unguja. Tarehe 14 Desemba 1895 Seyyid Hamed bin Thuwaini alitia sahihi mapatano ya kuwaachia Waingereza utawala wa ukanda huo kwa kodi ya pauni 11,000 kila mwaka, mbali na riba iliyofanya jumla ifike pauni 17,000. Mwaka 1920 nchi ya juu ilipofanywa koloni, ukanda wa pwani ulibaki kuwa himaya, na bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu. Mombasa ilikuwa hivyo mji wa nchi mbili: ikitawaliwa kutoka Nairobi, lakini kwa sheria ikiwa ni mali ya mfalme aliyekaa ng'ambo ya bahari.

Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ndiyo iliyokata jambo. Sheria hiyo ilimtaka kila mtu mwenye kudai shamba katika pwani apeleke madai yake kwa msajili, aonyeshe mipaka na ushahidi, apewe hati. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Watu wa mjini, waliozoea makadhi, hati na mashahidi wa maandishi, walipeleka madai yao. Mmijikenda ambaye shamba lake lilijulikana kwa mnazi alioupanda babu yake, na ambaye ardhi yake ilikuwa ya ukoo wala si ya mtu mmoja, mara nyingi hakupeleka neno. Na aliyepeleka hakuwa na cha kuonyesha isipokuwa mnazi wenyewe. Mnazi haukukubaliwa kuwa hati. Watu waliamka siku moja wakiwa wapangaji katika mashamba waliyoyalima, wengine bila kuambiwa kwa miaka mingi kwamba mambo yamegeuka.

Kutokana na hayo ilizaliwa desturi ambayo mgeni wa Mombasa huona taabu kuielewa, nayo ni nyumba bila ardhi. Mtu hujenga nyumba yake kwa fedha zake, juu ya kiwanja cha mtu mwingine, na kila mwezi hulipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja. Nyumba ni yake kweli: aweza kuipangisha, kuiuza au kuirithisha watoto. Udongo ulio chini ya nyumba si wake. Akitaka kuondoa udongo wa kukandika na kujenga kwa mawe, yampasa kuomba ruhusa. Akienda benki kukopa, huambiwa alete hati. Mwenye ardhi akifa, warithi wake huenda wako Muscat au Dubai, wala mpangaji hajui ampelekee nani kodi. Halafu siku moja huja mtu mgeni na karatasi mpya, akisema kwamba amekwisha nunua kiwanja na wote waondoke. Katika Kisauni, Likoni na Changamwe maelfu ya watu wameishi hivyo tangu siku za wazee wao. Mwanasiasa yeyote ajaye na neno "ardhi" mdomoni, awe mkweli au mwongo, hapati taabu ya kukusanya watu.

Changamwe ina habari yake tofauti kidogo. Reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896 ilipita hapo ilipotoka kisiwani, na tangu wakati huo Changamwe imekuwa mahali pa kazi: reli, kiwanda cha kusafishia mafuta kilichoanza kazi mwaka 1963, uwanja wa ndege, maghala, na malori yasiyohesabika. Kazi huita watu. Walikuja kutoka Nyanza, Ukambani, Taita na nchi ya Wakikuyu, wakakaa chumba kwa chumba pamoja na watu wa pwani. Na isidhaniwe kwamba watu hao walikuwa maadui tangu siku ya kwanza. Katika Januari 1947 makuli wa bandari, wafanya kazi wa reli na hata maboi wa majumbani waliacha kazi kwa pamoja, watu wa pwani na wa bara, wakikutana kila siku katika kiwanja kilichoitwa Kiwanja cha Maskini. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Chege Kibachia, Mkikuyu, na watu wa makabila yote walimsikiliza, maana shida yao ilikuwa moja: mshahara mdogo na vyakula ghali. Mgomo ule ulisimamisha mji mzima kwa muda wa siku zipatazo kumi na mbili. Hapana aliyeulizwa siku zile kwamba yeye ni mwenyeji au ni wa kuja.

Swali la uenyeji lilikuja kwa nguvu pale uhuru ulipokaribia. Kati ya mwaka 1960 na 1963 palikuwa na mashauri matatu katika Mombasa, na ajabu ni kwamba yote matatu yalidai kuwalinda watu wa pwani. Shauri la kwanza lilikuwa la Mwambao: kwamba ukanda wa maili kumi ni nchi mbali, na Waingereza wakiondoka uachwe ujitawale au urudi kwa Sultani. Wenye shauri hili walikuwa wengi zaidi katika Waarabu na Waswahili wa mjini, na mmoja wa wasemaji wake alikuwa Sheikh Abdilahi Nassir wa Coast People's Party. Shauri la pili lilikuwa la majimbo, lililoshikwa na chama cha KADU chini ya Ronald Ngala, mwalimu wa Kigiriama: kwamba Kenya iwe nchi moja lakini pwani iwe na serikali yake yenye madaraka juu ya ardhi na kazi. Wamijikenda wengi walimfuata Ngala. Hawakutaka kuachwa chini ya watu wa Nairobi, lakini hawakutaka vilevile kurudi chini ya Sultani, kwa kuwa habari za utumwa na za mashamba yaliyopotea hazikuwa zimesahauliwa. Katika Kisauni kengele ya Frere Town, mji wa watumwa walioachwa huru ulioanzishwa na wamisheni mwaka 1875, ilikuwa bado imesimama mahali ambapo leo paitwa Kengeleni. Kwa wazao wa watu wale, bendera nyekundu haikuwa na maana iliyokuwa nayo kwa watu wa Mji wa Kale. Shauri la tatu lilikuwa la KANU, la serikali moja yenye nguvu, na wafuasi wake walikuwa wengi katika wafanya kazi wa bandari na reli, hasa waliotoka bara.

Waingereza walimtuma Sir James Robertson mwaka 1961 achunguze jambo la Mwambao. Taarifa yake, iliyotoka mwisho wa mwaka huo, ilisema kwamba ukanda uunganishwe na Kenya, na kwamba haki za Waislamu wa pwani zilindwe kwa sheria. Mtu akiangalia ramani ataona kwa nini shauri lile lilishinda: Kenya isiyo na Kilindini ingekuwa nchi isiyo na mlango, na Uganda nyuma yake pia. Tarehe 8 Oktoba 1963 mapatano yalitiwa sahihi London. Katika barua walizoandikiana Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Mohammed Shamte, Waziri Mkuu wa Unguja, iliahidiwa kwamba watu watakuwa na uhuru wa dini, mahakama ya Kadhi itabaki, watoto wa Kiislamu watafundishwa Kiarabu, na hati za ardhi zilizokwisha andikishwa zitaheshimiwa.

Ahadi hiyo ya mwisho yastahili kuangaliwa sana. Kwa mwenye hati ilikuwa ni amani. Kwa asiye na hati ilikuwa ni kufungiwa mlango, maana kosa la mwaka 1908 lilitiwa muhuri tena. Nayo majimbo, ambayo Ngala alikuwa akiyategemea, hayakuishi muda mrefu. Bunge la Jimbo la Pwani lilianzishwa mwaka 1963, naye akawa rais wake. Mnamo Novemba 1964 KADU ilijivunja na kuingia KANU, na tarehe 12 Desemba mwaka huo Kenya ikawa jamhuri yenye serikali moja ya kati. Unguja yenyewe ilikuwa imepinduliwa mwezi wa Januari. Miaka iliyofuata viwanja vya pwani, hasa vile vya kando ya bahari, viligawanywa kwa watu wenye nguvu katika serikali na marafiki zao. Jambo hilo si uvumi, limeandikwa katika taarifa ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 na ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013.

Moto uliokuwa chini ya majivu uliwaka Likoni. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, miezi minne na nusu kabla ya uchaguzi mkuu, kundi la vijana wenye silaha lilikishambulia kituo cha polisi cha Likoni na kibanda cha polisi cha feri. Askari sita waliuawa, bunduki zikachukuliwa, mahabusu wakafunguliwa. Kisha wakageukia watu. Nyumba na vibanda vya watu wa bara vilichomwa, karatasi za kuwaamuru waondoke zilitupwa, na maelfu ya watu walikimbilia uani mwa kanisa Katoliki la Likoni wakiwa na magodoro na watoto. Mashambulio yaliendelea kwa majuma kadhaa. Watu zaidi ya mia moja walikufa, na shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba waliohamishwa walifika 100,000. Vijana wale walikuwa wamekusanywa na kufundishwa katika msitu wa Kaya Bombo. Waliapishwa huko, wakaambiwa kwamba wanapigania ardhi ya babu zao.

Hapana shaka kwamba wengi wao waliamini hivyo. Lakini Tume ya Jaji Akiwumi, iliyowekwa mwaka 1998, ilisikia ushahidi juu ya wanasiasa waliokuwa nyuma ya jambo hilo, na wachunguzi wa Human Rights Watch walifikia shauri kwamba wafuasi wa chama kilichokuwa kikitawala walitia mkono wao. Sababu yake si ngumu kuiona. Mwaka 1992 kiti cha Likoni kilikuwa kimechukuliwa na chama cha upinzani, na watu wa bara walidhaniwa kuwa ndio waliokipa kura. Mpiga kura aliyekimbia haendi kituoni. Yaani malalamiko ya kweli ya kijana wa Kidigo yalikodishwa na mtu mwingine kwa kazi nyingine, na kazi ilipokwisha kijana aliachwa msituni, na askari wakaja kumtafuta kijijini kwao, wakiwapiga wazee na vijana bila kuchagua. Ardhi hakuipata. Wala chama kile hakikupata kiti: Likoni ilichagua mjumbe wa chama cha Shirikisho, ambacho jina lake peke yake lilikumbusha watu majimbo ya Ngala.

Baada ya hayo lilikuja Baraza la Jamhuri ya Mombasa, lililojulikana kwa herufi MRC na kwa maneno matatu yaliyoandikwa kutani: "Pwani si Kenya." Lilianzishwa mwaka 1999, likasikika sana tangu 2008. Hoja yake ilikuwa ni ile ya Mwambao katika nguo nyingine: kwamba mapatano ya 1895 na 1963 hayakuwauliza wenyeji, kwa hiyo hayawafungi. La kutazamwa ni kwamba waliosema hivyo safari hii hawakuwa masharifu na matajiri wa mjini. Wengi walikuwa Wamijikenda maskini wa Kwale na Likoni, wajukuu wa watu waliokuwa wameikataa Mwambao. Serikali ililipiga marufuku mwaka 2010. Tarehe 25 Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamua kwamba marufuku ile haikupatana na Katiba. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 askari polisi walivamiwa na kuuawa kwa mapanga katika sehemu za Changamwe, na wengine Kilifi; Serikali ikasema ni kazi ya MRC, nao wakakana. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 23 Machi 2014, watu wenye bunduki waliingia katika kanisa moja huko Likoni wakaua watu sita. Huo ulikuwa ugaidi, jambo mbali, ila kwa mtu aliyekimbia mwaka 1997 milio ya risasi ni mamoja.

Wakati huohuo Katiba ya mwaka 2010 ilikuwa imekwisha badili umbo la nchi. Kenya iligawanywa kaunti 47, kila moja na gavana na bunge lake, na ikaamriwa kwamba zisipewe pungufu ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Watu wengine wa pwani waliona kwamba majimbo yamerudi. Kwa sehemu ni kweli: zahanati, masoko na shule za chekechea za Kisauni sasa ziko chini ya watu waliochaguliwa Mombasa. Lakini mambo mawili ambayo mtu wa ng'ambo huyauliza kwanza hayakukabidhiwa kaunti. Bandari ni ya taifa, na hati za ardhi hutolewa na Serikali Kuu.

Changamwe ilijifunza habari ya bandari kwa njia ya taabu. Reli mpya ilifunguliwa mwaka 2017, kituo chake kikiwa Miritini, na baadaye ikaamriwa kwamba makasha ya mizigo yaende Nairobi kwa reli. Madereva, mafundi, mama ntilie na wenye vyumba vya kupangisha waliona kazi ikiondoka mbele ya macho yao, na katika mwaka 2019 watu waliandamana tena na tena. Amri ililegezwa, mwezi wa Septemba 2022 Rais William Ruto, siku alipoapishwa, alitangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo itarudi Mombasa. Dereva wa lori Mkamba na mwenye kibanda Mdigo walidhurika sawasawa na amri ile. Hata hivyo mwezi wa Novemba 2017, baada ya uchaguzi uliofutwa na Mahakama ya Juu na kurudiwa, magavana wa Mombasa na Kilifi, Hassan Joho na Amason Kingi, walikuwa wametangaza kwamba watafuata njia ya sheria ili Pwani ijitenge. Miezi michache ikapita, wakubwa wa Nairobi wakapeana mikono tarehe 9 Machi 2018, na neno la kujitenga halikusikika tena kutoka kwao. Wasikilizaji wa ng'ambo waliliona hilo.

Katika Juni 2024 hasira ya nchi ilikuwa ya namna nyingine. Vijana waliandamana katika miji mingi, Mombasa ikiwa mmojawapo, kupinga Mswada wa Fedha na kodi zake mpya, na tarehe 26 mwezi huo Rais aliuacha mswada huo baada ya watu kuuawa Nairobi. Vijana wale walijisifu kwamba hawana kabila wala kiongozi. Wazee waliokumbuka habari za Kiwanja cha Maskini walikuwa wamebaki wachache mno kuweza kuwaambia kwamba jambo hilo lilikwisha fanyika Mombasa.

Huko Likoni shamba la Waitiki, lenye ekari 930, laonyesha jinsi haki mbili zinavyoweza kugongana juu ya udongo mmoja. Mwenyewe alilinunua mwaka 1975 kwa njia ya halali, akafukuzwa na machafuko ya 1997, na maskwota wakajenga humo mji mzima. Mwaka 2015 Serikali ilikubali kulinunua kwa shilingi bilioni 1.2, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaja Mombasa kugawa hati kwa maelfu ya jamaa. Shangwe ilikuwa kubwa. Kisha watu wakaelezwa kwamba ardhi si bure. Kila jamaa italipa shilingi 182,000 kwa muda wa miaka kumi na miwili. Baadhi yao waliuliza kwa nini mtu alipie ardhi ya babu yake. Wengine, nao ni majirani wa hao, waliuliza kwa nini wao waliokuwa wakilipa kodi ya ardhi miaka yote bila kuvamia shamba la mtu, katika Kisauni na Changamwe, hawakuletewa hati hata moja.